Mimi Nikisema Njoo Ijumaa Natukanwa

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa kumi na tisa huu niko kwenye kibaraza hiki hiki, na majina niliyokwisha kuitwa hapa hayaandikiki. Muongo ndilo la heshima. Kuna bibi harusi aliniita muuaji, na wala hakufa mtu, lilichelewa gauni la msimamizi tu. Kosa langu siku zote ni lile lile, maneno mawili: njoo Ijumaa. Mtu akija Ijumaa akakuta kitambaa chake bado kimekunjwa kama alivyokileta, napigiwa kelele mpaka bodaboda wanazima injini wasikie vizuri.

Sasa kuna mafundi wenzangu wako bungeni Dodoma. Wamevaa suti zilizopimwa zikapimika (hapo sina ubishi, mabega yamekaa), nao wanasema njoo Ijumaa kila siku inayopambazuka. Ila wao hawasemi Ijumaa. Wanasema "katika mwaka wa fedha ujao". Wakimaliza wanagongewa meza. Pa pa pa pa! Mimi toka nianze kazi hii nani amewahi kunigongea meza? Aliyewahi kuigonga aliigonga kwa hasira, na chaki zikavunjika.

Redio yangu inaning'inia kwenye msumari, juu ya pasi ya mkaa. Saa 3:00 asubuhi Spika anaingia, dua inasomwa, hati zinawekwa mezani, kisha yanakuja maswali na majibu. Muda huo mimi najaza uzi kwenye bobini. Sisikilizi kwa kuwa napenda siasa, maana siasa haijawahi kunilipia hata kodi ya kibaraza. Nasikiliza vile fundi anavyomtazama mpita njia mwenye shati jipya: macho yako kwenye mshono, sura hana habari nayo.

Na mshono wa jibu la Waziri, jamani, ni ufundi mtupu.

Kwanza mjue kwamba wale hawashtukizwi. Swali la msingi linapelekwa mapema, kwa maandishi, limepewa na namba. Wataalamu wa wizara wanalisoma, wanaandika jibu, Naibu Waziri anakuja nalo mkononi. Ni sawa na mteja aliyekuletea kitambaa mwezi mzima kabla, na uzi wake, na zipu, na picha ya mshono kwenye simu. Hapo huna pa kusingizia umeme. Tena Katiba imeandika, Ibara ya 63, kwamba Bunge linaweza kumuuliza Waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Na Kanuni za Kudumu za Bunge zinamtaka Waziri alijibu swali kikamilifu kama lilivyoulizwa. Kama lilivyoulizwa! Mimi ningekuwa na kanuni hiyo imebandikwa ukutani, ningeshahama mji.

Siku moja nikaamua kuhesabu. Nina kopo la maziwa ya unga naweka vifungo. Kila Naibu Waziri akisema "Mheshimiwa Spika", natoa kifungo kimoja naweka kwenye kisahani. Swali lilikuwa la kisima cha kijiji fulani, kitachimbwa lini. Jibu likaisha, nikahesabu vifungo kumi na kimoja. Hilo ni shati la mikono mirefu na akiba inabaki. Nikaviweka pembeni, nikajiuliza baada ya kutoa vifungo kimebaki kitambaa gani. Ikabaki pongezi kwa Mheshimiwa Mbunge kwa namna anavyowapigania wananchi wake. Ikabaki kwamba Serikali inatambua umuhimu wa maji. Ikabaki kadri fedha zitakapopatikana. Kisima chenyewe hakikuwamo.

Inatambua umuhimu wa maji. Hata mbuzi wa jirani yangu anatambua umuhimu wa maji.

Haya, ikafika zamu ya barabara yetu. Jimbo silitaji, mbunge simtaji, wizara siitaji, nina leseni ya biashara naipenda. Barabara yenyewe inapita hapa, hatua tatu kutoka kwenye cherehani. Kiangazi nikianza kushona shati jeupe la mwanafunzi, mpaka nifike kwenye kola limeshakuwa la mgambo. Masika kunakuwa na dimbwi ambalo watoto wamelipa jina, na bata wa jirani wanakuja kutembea.

Kwa hiyo niliposikia mbunge wetu amesimama, anaomba swali lake sasa lipatiwe jibu, nilinyanyua mguu kwenye pedali. Nikamwambia kijana wangu aache ovaloki. Mama wa vitumbua, ambaye anauza hapa kwenye kona na biashara yake inakula vumbi kuliko yangu, akasogea na beseni lake.

Jibu likaja: upembuzi yakinifu umekamilika, na Serikali inaendelea kutafuta fedha kwa ajili ya usanifu wa kina.

Mama wa vitumbua akanitazama. "Fundi, wamepembua nini?"

Na ana haki ya kuuliza, kwa sababu yeye kila usiku anapembua. Anachukua ungo, anarusha mchele, anatoa mawe na chuya, robo saa amemaliza, analoweka. Asubuhi kuna kitumbua. Hajawahi kumwambia mteja kwamba mchele umeshapembuliwa, sasa natafuta fedha za kusanifu mafuta. Barabara yetu imepembuliwa tangu kijana wangu wa ovaloki yuko shule ya msingi, na mawe yote bado yamo. Na huo usanifu wa kina, mimi nawaambia bure: kina tunacho. Kipo kwenye dimbwi. Waje na futi kamba yangu wapime.

Lakini kilichonitoa roho si Naibu Waziri. Yule ni fundi, anafanya ufundi wake. Kilichonitoa roho ni mteja. Mbunge wetu akasimama kwa nyongeza, nikasema sasa mtu anabanwa hapa. Akaanza: "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili madogo ya nyongeza."

Majibu mazuri! Ni mteja gani umewahi kumpa suruali ya mguu mmoja akaanza na "Fundi, pamoja na suruali nzuri, nina malalamiko mawili madogo ya nyongeza"? Mimi hapa mtu akiona kifungo kimoja kimepishana anataka kurudishiwa na nauli.

Halafu sikiliza swali lenyewe: "Je, Serikali haioni umuhimu wa kujenga barabara hiyo kwa kiwango cha lami?" Nikamwambia kijana wangu, kwisha habari. Swali la namna hiyo ni sawa na kumfungulia mbuzi geti la shamba. Ukinijia hapa ukasema "Fundi, huoni umuhimu wa kunimalizia gauni langu?", mimi nitakujibu mara moja, tena kwa tabasamu: naona, tena sana. Umeuliza kama naona, nimekwambia naona, nenda salama. Lingine la hivyo ni "Je, Serikali ina mpango gani?" Serikali ina mpango mzuri. Hapo umejibiwa, kaa chini. Mipango hata mimi ninayo, nina mpango wa kununua cherehani ya umeme tangu mtoto wangu wa kwanza ananyonya.

Na kweli, Naibu Waziri akajibu kwamba Serikali inaona, akampongeza tena Mheshimiwa Mbunge kwa ufuatiliaji wa karibu, akasema baada ya shughuli za Bunge wataongozana hadi jimboni wakajionee. Huko kuongozana nako. Kwa ahadi za kuongozana ninazozisikia kwa msimu mmoja wa bajeti, toka Aprili mpaka mwisho wa Juni, ilitakiwa barabara za nchi hii zijae Naibu Mawaziri na wabunge wameshikana mikono. Hapa kwetu aliyefika kujionea ni yule bata.

Nikawa najiuliza kwa nini mbunge hambani mwenzake. Nikakumbuka: mawaziri wetu wanateuliwa miongoni mwa wabunge wenyewe. Leo mtu yuko benchi la nyuma anauliza, kesho simu inaweza kuita, kesho kutwa yuko mbele anajibu. Sasa utamkaripia vipi fundi wakati nawe umeomba kufundishwa cherehani?

Kuna mteja mmoja kutoka Mombasa, alikuja msibani huku akaleta kanzu ya kupunguza, yeye akaniambia kwao mambo ni tofauti. Katiba yao ya 2010 ilimtoa waziri kwenye ubunge kabisa. Kwa miaka mingi maswali yakawa yanamalizikia kwenye kamati, ila siku hizi mawaziri wanaitwa ukumbini wasimame wajibu. Nikamuuliza, wakisimama wananyooka? Akacheka sana. Akafuta macho, akaniuliza kanzu yake itakuwa tayari lini. Nikamwambia Ijumaa.

Niseme ukweli pia, siku nyingine jibu linanyooka. Januari 2016 Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, alilitangazia Bunge kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote kama zamani. Sababu? Gharama. Hakuna upembuzi, hakuna usanifu. Nikaona kumbe wanaweza, wakiamua. Na Alhamisi, yale maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, angalau hakuna anayesoma karatasi, unasikia mtu anawaza. Hiyo nayo ni starehe yake.

Basi kwa kuona wivu, nikasema hebu nami nijaribu. Mbona wenzangu wanagongewa meza kwa maneno hayo hayo? Akaja dada mmoja wa benki, sketi yake ilikuwa na wiki tatu. Badala ya njoo Ijumaa nikakohoa, nikasema: "Dada, kwanza nikupongeze kwa ufuatiliaji wako wa karibu. Ofisi hii inatambua umuhimu wa sketi. Hatua za upimaji zimekamilika, na sasa tuko kwenye mchakato wa kupata bitana."

Wallahi, akasema asante. Akasema asante akaondoka! Alifika kwenye dimbwi ndipo akasimama, akageuka, akanitazama kidogo, lakini alikuwa amevaa viatu vya visigino na kurudi ni safari, akaenda zake. Kijana wangu akagonga meza. Siku ile nililala vizuri kama mtu mwenye gari la Serikali.

Akafuata mzee wa suruali mbili. "Shikamoo mzee wangu. Suruali zako zipo kwenye hatua za mwisho." Marahaba, akaniambia, Mungu akubariki. Kumbe nilikuwa sijaziona hata zilipo. Wiki nzima nikawa Naibu Waziri wa kibaraza hiki, sijatukanwa, na kitambaa kinazidi kurundikana nyuma yangu mpaka cherehani ya pili haionekani.

Halafu Ijumaa, saa tatu na robo, redio ndiyo kwanza imeanza, akaja mama wa vitumbua. Kitenge chake nilikuwa nacho siku kumi na mbili. Harusi ya mdogo wake, Jumamosi.

"Fundi. Kitenge changu umekata, hujakata?"

"Mama yangu, kwanza nikupongeze..."

"Umekata, hujakata?"

"Unajua mama, ofisi inatambua kwamba harusi..."

"Fundi. Umekata. Hujakata."

Hakupandisha sauti. Alitua beseni chini, akafuta kiti cha wateja kwa upindo wa kanga, akakaa. Hapo nikajua nimekwisha, kwa sababu dawa yote ya fundi ni mteja kuondoka. Ukishamwona mtu amefuta kiti, jibu lako refu halina pa kwenda. Na swali lenyewe halina upenyo: huwezi kusema naona, huwezi kusema nina mpango. Kitambaa ama kimekatwa ama hakijakatwa.

"Sijakata, mama."

"Haya. Kata nikuone."

Nikakitoa chini ya rundo. Nikatandika mezani, nikatafuta chaki. Redioni Naibu Waziri alikuwa anamhakikishia mtu kwamba wataongozana. Mama wa vitumbua akanyoosha mkono akazima. "Huyo anakuchelewesha," akasema, akanipa kitumbua kimoja, cha jana.

Saa nane mchana gauni lilikuwa na mikono yote miwili, na solo, na lasi shingoni. Alilivaa juu ya nguo zake hapo hapo, akazunguka mara moja, akalipa, hakunipongeza kwa lolote. Wakati nashona walipita wateja wanne, wakauliza zao lini. Kwa kuwa mama amekaa pale ananitazama, maneno ya Dodoma yaliniishia, nikawaambia njoo Ijumaa.

Mmoja wao akanikumbusha kwamba leo ndiyo Ijumaa.