Wimbo ukimbie, singo isubiri

Mpiga ngoma wetu huongeza kasi kila tunapokaribia kibwagizo. Tumemjua hivyo tangu siku ya kwanza, na mazoezini hakuna aliyewahi kulalamika, maana sote tunaongeza naye. Tulipoingia studio kurekodi singo yetu ya kwanza, yaani wimbo mmoja wa kutolewa peke yake, jambo la kwanza tulilofanya ni kumvisha spika za masikioni na kumwekea metronomu imgongee mapigo 148 kwa dakika, mwanzo hadi mwisho.

Wiki tatu tulirekodi hivyo. Leo ngoma peke yake, kesho besi, kisha gitaa la rithimu, kisha solo, na mimi mwisho kabisa, nimejifungia chumbani nikiimba na watu ambao hawapo. Kila pigo lililochelewa kidogo lilisogezwa kwenye kompyuta hadi likakaa kwenye mstari. Sauti yangu nayo ikanyooshwa kila ilipopinda. Tukakaa kusikiliza mara mbili mfululizo bila mtu kutia neno, mpaka mpiga besi aliposema, “Huyu si mtoto wetu.”

Siichukii metronomu. Ipo miziki mingi mizuri ambayo bila hiyo haisimami. Lakini roki ya bendi ndogo inaishi kwenye kusikilizana. Mpiga besi anaufuata mguu wa mpiga ngoma, gitaa linasubiri besi, mwimbaji anavuta pumzi pale anapoona mpiga ngoma ameinua mkono. Kibwagizo kikipanda mapigo matatu au manne, msikilizaji hawezi kukutajia namba, ila anahisi kuna mlango umefunguliwa. Ukiwarekodi wanamuziki mmoja mmoja na kuwasawazisha, unaufunga mlango huo kwa mikono yako mwenyewe, tena kwa gharama.

Kilichotutoa hapo ni santuri moja ya zamani. Mwishoni mwa Desemba 1976, Buzzcocks, bendi ya panki ya Manchester, Uingereza, waliingia studio na mtayarishaji Martin Hannett, kwa fedha za kuazima, kama pauni 500 hivi, wakarekodi nyimbo 4 ndani ya siku moja. Januari 1977 wakaitoa wenyewe kwa jina la Spiral Scratch, nakala 1,000 za kwanza, bila kampuni kubwa nyuma yao. Ninachokipenda zaidi kiko kwenye jalada: waliandika kila wimbo ulichukuliwa katika jaribio la ngapi na kama kuna kilichoongezwa baadaye. Nyimbo 3 ni jaribio la kwanza, na juu yake gitaa tu la kuongezea. Mmoja ni jaribio la tatu, na haukuongezwa kitu. Wale vijana waliona fahari kutuonyesha jinsi walivyofika pale.

Basi tukarudi, safari hii wote chumba kimoja, amplifaya zimezibwa kwa magodoro, tukitazamana. Ngoma zikavujia kwenye maikrofoni ya gitaa, gitaa likavujia kwenye maikrofoni yangu. Fundi wa sauti alituonya kwamba hapo hakuna cha kurekebisha baadaye, na kwangu hiyo ndiyo faida yenyewe. Lisiporekebishika, mnalazimika kulipiga vizuri. Jaribio la sita ndilo tulilochukua. Kwenye ubeti wa pili nimeingia mapema kidogo, na limeachwa vilevile.

Kuchanganya sauti hakukuchukua muda. Neno moja tu kwa wanaotaka masta, yaani rekodi ya mwisho, ipige kelele kuliko za wenzao: Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, kwa kawaida hushusha nyimbo zenye kelele hadi karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukiubana wimbo mpaka ukakosa pumzi, unabaki umebanwa na kelele yenyewe huipati.

Tatizo la pili lilianza wimbo ulipokamilika. Wenzangu walitaka utoke Ijumaa ileile, kwa kuwa tangu Julai 2015 Ijumaa ndiyo siku ya kutolea muziki mpya karibu dunia nzima. Mimi nilikataa, na bado naamini nilikuwa sahihi. Ukitaka wahariri wa orodha za nyimbo za Spotify waufikirie wimbo wako, lazima uwe umewapelekea kabla haujatoka, na inashauriwa iwe angalau siku 7 kabla. Tena hata hilo ni dogo. Tulijipa wiki sita, na wiki ya kwanza yote ilikwenda kwenye karatasi: nani ametunga, nani amepiga, kila mmoja ana asilimia ngapi. Utunzi ni haki moja, rekodi ni haki nyingine, na bendi nyingi huanza kulijua hilo siku fedha zinapoingia, wakati kila mtu ameshakumbuka kivyake. Andikeni mapema, wakati bado mnapendana.

Ushauri unaozagaa siku hizi ni kwamba utoe singo kila mwezi ili usisahaulike. Naupinga kwa moyo wote. Kampuni ya Marekani ya RCA Victor ilipoleta mwaka 1949 santuri ya mizunguko 45 kwa dakika, ndiyo iliyobeba singo, upande mmoja ulibeba dakika chache tu, na kuichapa kuligharimu fedha. Gharama hiyo iliilazimisha bendi kujiuliza: huu ndio wimbo tunaotaka kujulikana nao? Leo kupandisha wimbo ni kazi ya dakika chache, hakuna anayekuuliza, kwa hiyo jiulize mwenyewe. Isitoshe, tangu 2024 Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12. Sheria hiyo inawaumiza hasa wadogo, na naiona si ya haki hata kama fedha zenyewe ni kidogo, kwa sababu kila aliyesikiliza alisikiliza. Lakini kumwaga nyimbo nusu nusu hakuondoi uonevu huo. Kunachosha wasikilizaji wachache waliokuamini.

Singo yetu ilitoka. Ujumbe wa kwanza nilioupata kutoka kwa mtu nisiyemjua uliuliza kama ile kasi ya kibwagizo ilikuwa ya makusudi. Nilimsomea mpiga ngoma, akanyamaza, kisha akaomba nimsomee tena.

Wimbo wa pili upo. Una beti mbili nzuri na daraja, kile kipande cha kuunganisha, ambalo bado halijakaa sawa. Tunaupiga kila Jumanne.