Chawa wa kondori alistahili kufa?

Kuna hesabu ndogo ambayo wahifadhi wa ndege hawapendi kuizungumzia. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Hungaria, Lajos Rózsa na Zoltán Vas, walichapisha katika jarida la Oryx orodha ya chawa wa ndege na wanyama waliotoweka duniani. Waliotoweka kwa sababu mwenyeji wao, yaani kiumbe wanayeishi juu yake, alitoweka walikuwa spishi 6. Waliotoweka kwa sababu watu walikuwa wanajitahidi kumwokoa mwenyeji wao walikuwa kati ya 2 na 4.

Isome tena taratibu. Kwa makadirio ya chini, ni 2 kati ya 8. Kwa ya juu, 4 kati ya 10. Yaani katika vifo vya spishi za chawa tunavyovijua, kuanzia robo hadi asilimia 40 havikuletwa na wakata misitu wala wawindaji, vililetwa na watu waliokuwa kazini kulinda viumbe. Idadi hiyo ni ndogo mno kujengea takwimu nzito, na anayetaka kuipuuza kwa sababu hiyo ana hoja. Ila akumbuke kwamba chawa anayeingia kwenye orodha kama hiyo ni yule tu ambaye mtaalamu aliwahi kumkusanya, kumchora na kumpa jina. Waliokufa kabla ya kupewa jina hawamo upande wowote wa hesabu.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa kondori wa California, yule tumbusi mkubwa kuliko ndege wote wa nchi kavu wa Amerika Kaskazini. Mwaka 1982 walibaki 22 tu. Mwaka 1987 aliyekuwa wa mwisho porini alikamatwa, wakawa 27, wote nyuma ya nyavu. Katika kuwahudumia walitiwa dawa ya kuua wadudu, na chawa wao aitwaye Colpocephalum californici, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1963, hajaonekana tena. Ndege mwenyewe leo anazidi 500, na zaidi ya nusu wanaruka porini. Huko New Zealand, kiwi wadogo wenye madoa walinusurika kwa sababu wachache walihamishiwa kisiwa cha Kapiti mwanzoni mwa karne ya 20. Chawa wao, Rallicola pilgrimi, hakunusurika nao.

Sasa, kwa nini daktari wa mifugo asitie dawa? Tumpe haki yake, maana si mkatili. Dale Clayton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah wameonyesha kwa njiwa kwamba chawa wakizidi hula manyoya kiasi cha kumfanya ndege apoteze joto, na wakati wa baridi hufa zaidi. Chawa mmoja wa mabata bukini na mabatamaji hubeba mnyoo unaoishi moyoni mwa ndege. Ndege aliyefungiwa ana wasiwasi, pengine mgonjwa, na yuko karibu na wenzake kuliko alivyozoea. Ukiwa na kondori 22 katika dunia nzima, nani atakayeweka saini kwenye karatasi inayosema waacheni na chawa wao tuone itakuwaje? Mimi mwenyewe nisingeisaini haraka.

Lakini dawa ile haikutokana na kupima hatari. Ilitokana na mazoea: mdudu akionekana kwenye manyoya, anauawa. Kilichokuwa kikimmaliza kondori kilijulikana, nacho hakikuwa chawa. Ilikuwa sumu ya madini ya risasi yaliyomo kwenye risasi za bunduki, anayoimeza akila mizoga iliyoachwa na wawindaji, na hadi leo ndiyo inayoongoza kumuua. California ilipitisha sheria ya kuzuia risasi za madini hayo katika uwindaji mwaka 2013, na ikaanza kutumika kikamilifu 2019. Chawa alimalizwa miongo mitatu kabla ya mshtakiwa halisi kuguswa kwa uzito huo.

Hapo ndipo biolojia ya mdudu huyu inapopaswa kusikilizwa, kwa sababu wengi wanamhukumu kwa yale wanayoyajua kwa kupe na mbu. Chawa wa ndege haondoki. Yai lake limegandishwa kwenye unyoya, anazaliwa hapo, anakula hapo, anafia hapo. Njia yake kuu ya kumfikia mwenyeji mpya ni mguso, hasa wa mzazi na kinda katika kiota. (Baadhi ya chawa wembamba wa njiwa hudandia miguu ya nzi wanyonya damu na kusafiri nao, ujanja ninaoustaajabia kila nikiusoma.) Kiumbe anayerithishwa kutoka mzazi hadi kinda hana faida kuua mzazi kabla ya kinda kupatikana. Kwa muda mrefu uteuzi wa asili humpendelea yule asiyemaliza nyumba anayoishi.

Na ndege naye hakukaa kimya. Silaha yake ni mdomo. Mdomo wa njiwa una ncha ya juu inayozidi ya chini kwa milimita 1 au 2 hivi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kundi la Clayton lilikata kincha hicho kwa njiwa kadhaa, bila kuwazuia kula. Chawa wakaongezeka sana. Kincha kilipoota tena wakapungua. Milimita hizo ndizo zinazompa njiwa uwezo wa kumsaga mdudu katikati ya midomo. Mfugaji wa kuku wa kienyeji analijua jambo hili kwa upande wake: kuku mzima anayejigaragaza kwenye vumbi na majivu huishi na chawa wachache miaka yote, na anapoanza kufunikwa nao au utitiri, mara nyingi kuna kingine kilichotangulia kumdhoofisha. Chawa wengi juu ya ndege ni dalili kabla ya kuwa ugonjwa.

Mvutano huo unaumba pande zote mbili, tena kwa kasi isiyotarajiwa. Sarah Bush na wenzake wa Utah waliwaweka chawa wa njiwa wa kijivu juu ya njiwa weupe na weusi na kuwafuatilia kwa miaka 4, ambayo kwa chawa ni vizazi kama 60. Waliokuwa juu ya weupe wakapauka, waliokuwa juu ya weusi wakakoza, kwa sababu mdomo ulimkamata kwanza anayeonekana. Mageuzi ambayo vitabu hutuambia tuyatafute kwenye miamba yalitokea ndani ya muda wa kozi moja ya udaktari ya chuo kikuu, au chini yake. Anayefuta chawa anazima mvutano huo, na sidhani yupo anayeweza kusema kwa hakika ndege atakuwaje baada ya vizazi mia bila adui wa kumnolea mdomo.

Wapo pia wanaosema chawa wana thamani kama kumbukumbu. Ni kweli, ingawa kumbukumbu hiyo huhitaji msomaji makini. Heroe, wale wanaozaliana kwenye magadi ya Ziwa Natron, wana chawa wa jenasi zilezile walizonazo mabata na mabata bukini, na kwa muda mrefu hilo lilitumika kama ushahidi kwamba heroe ni jamaa wa mabata. Vinasaba vikaja kuonyesha kwamba jamaa wao wa karibu ni vibisi, ndege wa majini wapigao mbizi. Chawa walikuwa wamehama kutoka kundi moja hadi jingine. Bado kuhama kwenyewe ni habari: kunatuambia nani aliwahi kugusana na nani. Kwa mwewe wa Galápagos, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, Noah Whiteman na Patricia Parker walitoa hoja mwaka 2005 kwamba chawa, kwa kuwa vizazi vyao ni vifupi, huhifadhi historia ya visiwa kwa undani ambao vinasaba vya mwewe pekee havitoi.

Galápagos hiyohiyo ndiyo inayompa daktari wa mifugo hoja yake nzito kuliko zote, na sitaki kuipita. Nzi aitwaye Philornis downsi aliingia visiwani kutoka bara la Amerika Kusini. Mwaka 1997 funza wake walionekana kwenye viota kwa mara ya kwanza, wakinyonya damu ya makinda. Mara nyingi makinda wote wa kiota hufa. Shorewanda wa mikoko, ndege mdogo ambaye idadi yake yote ni kama 100, anategemea kwa sehemu viota kutiwa dawa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014 watafiti waliweka wazi pamba iliyotiwa permethrini, dawa ya kuua wadudu, ndege wakaichukua wenyewe na kujengea, na viota vyenye pamba ya kutosha vikabaki karibu bila funza. Hapo sina pingamizi hata kidogo.

Ila tazama tofauti. Nzi huyu ni mgeni, ndege hawakupata muda wa kujenga kinga dhidi yake. Akishakua anaruka zake, haijalishi makinda yamekufa au la. Hana uhusiano na ndege mmoja tu, na yuko salama bara alikotoka. Kila sifa inayohalalisha kumuua inakosekana kwa chawa wa kondori. Dawa ileile, mantiki mbili zisizofanana, na kosa la miaka ya 1980 lilikuwa kuzitia kwenye chupa moja.

Wanaotetea mazoea wana kimbilio la mwisho: labda chawa huyo yuko mahali pengine. Imewahi kutokea. Columbicola extinctus alipewa jina hilo la kutoweka mwaka 1937, kwa kuwa njiwa msafiri aliyedhaniwa kuwa mwenyeji wake pekee alikwisha mwaka 1914. Mwaka 1999 ikathibitishwa kwamba anaishi vizuri tu juu ya njiwa mwingine wa Amerika. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini huko ni kuponea bahati, na chawa wa kondori bado hajaonekana popote.

Orodha ya Rózsa na Vas ina upande mwingine usiotajwa sana: spishi 40 au 41 za chawa ambazo wenyeji wao wako hatarini kabisa, yaani ndege na wanyama haohao watakaoletwa kwenye vizimba miaka ijayo. Kinachohitajika kabla ya dawa ni vitu vichache: kukusanya wadudu kutoka kwa kila ndege, mtaalamu wa chawa kutambua kama ni wa mwenyeji huyo tu, kutibu wagonjwa na waliolemewa, na kuwaacha baadhi ya wazima na wadudu wao hadi makinda yatakapozaliwa na kugusana nao. Sidhani gharama yake ni kubwa. Kikwazo ni kwamba mwenye ruzuku hujivunia picha ya ndege, na hakuna fomu ya maombi ya fedha niliyowahi kuiona yenye mstari wa kuandika jina la chawa.