Koala Hurithi Mfukoni, Ndege Hurithi Masikioni

Wiki iliyopita nilitumiwa tena ile picha ya koala, mnyama wa Australia anayebeba mtoto mfukoni, aliyefungwa bendeji miguuni baada ya moto, na chini yake msomi mmoja wa mitandaoni akatufahamisha kwamba ndege hawahitaji huruma ya namna hiyo, kwa kuwa wana mabawa na moto ukija huruka zao. Ahsante kwa elimu.

Sina ugomvi na koala. Mwaka 2022 Australia ilimworodhesha miongoni mwa walio hatarini kutoweka katika majimbo ya Queensland na New South Wales, na ilistahili. Lakini mikaratusi, ambayo koala hula majani yake, ndiyo pia inayompa mbochi Anthochaera phrygia, ndege mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye zamani aliruka kwa makundi makubwa na leo waliobaki porini ni mia chache tu.

Mtoto wa koala huzaliwa akiwa na urefu wa takriban sentimita 2, hukaa mfukoni miezi sita hivi, kisha hulishwa na mama yake kinyesi laini chenye vijidudu vya kumsaidia kusaga majani yale yenye sumu. Maadamu mama yupo, urithi haumpiti. Dume mchanga wa ndege huyu, kinyume chake, hupata wimbo kwa kumsikiliza dume mkubwa, na asipomsikia huiga jirani yeyote anayepiga kelele karibu naye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba takriban asilimia 12 ya madume hawakuimba wimbo wa kwao hata kidogo, bali wa ndege wa aina nyingine. Na madume walioimba nyimbo zisizo za kawaida hawakupata wenzi kwa urahisi kama wengine. Mabawa yaliyosifiwa na msomi wetu ndiyo yanayowatawanya kufuata maua mbali na wazee wao.

Nakubali, shingo upande, kwamba sura ya koala huchangisha fedha na kwamba pori linalohifadhiwa kwa ajili yake huwafaa ndege pia.

Hata hivyo, katika bustani ya wanyama ya Taronga, Sydney, makinda wa vizimbani wamelazimika kufundishwa wimbo kwa sauti zilizorekodiwa. Babu yao ni kipaza sauti. Msomi wa mabawa aende akamsikilize.