Moduli ya Wi-Fi ndo ianze kupangwa kwenye bodi

Jamani hii tabia ya kuchora bodi ya saketi ya ESP32, ile chipu yenye Wi-Fi inayokuja ndani ya moduli yake, kwa kuanza na relei, ukaja pawa saplai, ukapanga konekta zako vizuriii, halafu moduli ya Wi-Fi unaisukumia popote palipobaki, mara nyingi katikati kabisa, mimi naona tunaenda kinyumenyume. Moduli ndo ianze. Ikae ukingoni, ule mstari wa shaba uliopindapinda ulio kwenye moduli uangalie nje, na kama inawezekana utokeze nje ya bodi kabisa.

Ule mstari ndo antena yenyewe, na imetengenezwa ikae na hewa pembeni yake. Ukipitisha graundi (shaba ya upande wa hasi) chini yake, hata kwenye tabaka la nyuma usiloliona, frikwensi inahama kutoka 2.4 GHz na nguvu kibao inarudi ndani badala ya kutoka. Na sio shaba tu, betri ya 18650, skrubu, skrini, waya uliokatiza hapo juu, vyote vinavuruga. Espressif wenyewe, watengenezaji wa ESP32, wanashauri kama huwezi kuitoa nje basi uache angalau milimita 15 kuizunguka, ila watu wanasoma wanapita, eti bodi itakuwa kubwa. Haya, bodi ndogo isiyoshika mtandao chumba cha pili ya nini?

Wanaotumia KiCad, programu ya kuchorea bodi, muwe makini na zile zoni za graundi, zinajaa kila penye nafasi usipochora eneo la kuzuia shaba, na lichorwe kwa tabaka zote. Koili ya kishusha volti nayo ipelekwe mbali na antena, kapasita zisogee karibu na pini ya pawa, maana ESP32 ikirusha inavuta mkondo mkubwa ghafla.

Kuna wanaosema ongeza tu nguvu ya kurusha kwenye kodi. Sawa, utapiga kelele zaidi, lakini kusikia je? Antena iliyobanwa inapokea vibaya vilevile, ruta ikijibu hausikii. Wengine wanakimbilia moduli ya antena ya nje, WROOM-32U. Kama boksi ni la chuma sibishi, hapo huna ujanja. Boksi la plastiki, mh, unalipia uvivu wa kuchora.

Kabla hujaagiza bodi nyingi, chukua devkiti tupu (bodi ya majaribio ya ESP32 iliyotengenezwa tayari) na bodi yako, ziweke sehemu ileile, ruta ileile, soma RSSI, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Bodi yako ikiwa chini kwa desibeli 10 hivi, ruta haina kosa, rudi kwenye mchoro.