Kofia ya Rubani Imeenda Kupika Pilau

Asubuhi ya leo jirani yangu aliichukua kofia ya rubani wa anga za juu wa filamu yangu, akaisugua kwa majivu, akaenda kuipikia pilau ya harusi. Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa sufuria ni lake. Nilimwomba tu angoje nimalize tukio moja lililobaki, naye akanijibu kwamba wageni wa harusi hawatoki Mirihi.

Filamu ni ya mzaha, lakini kinyongo changu si cha mzaha. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili vya anga, vya Voyager, kila kimoja kikiwa na santuri iliyopakwa dhahabu, yenye muziki na salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, hata Kihiti, ambacho hakina wa kukiitikia tangu yapata miaka elfu tatu iliyopita, kimo, Kiswahili hakimo. Basi nikatunga kisa cha viumbe wanaoiokota santuri hiyo, wanaupenda wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri uliomo, wanakuja kuuliza umeishia wapi, wanapotea njia na kutua Ng'ambo, Unguja, katikati ya taarabu, bila hata noti moja ya kutunza.

Chombo chao ni ungo, na tangu nilipouning'iniza kwa mshipi juu ya paa, majirani huniamkia kwa mbali. Umeme sitausema.

Aliyenimaliza ni Maalim, mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Nilimpa shikamoo yake, nikamweleza kwa adabu kwamba katika tukio la kwanza atapiga nje ya chombo, mahali pasipo hewa, na kwa kuwa sauti bila hewa haina cha kuibeba, hakitasikika kitu.

"Yaani nipige, isisikike?"

"Ndiyo, Maalim. Sayansi ndivyo inavyotaka."

"Sasa mwanangu, mimi umenifuatia nini? Si ungemchukua asiyejua kupiga, mkapata kimya hichohicho?"

Sikuwa na jibu, na hadi sasa sina. Hata hivyo aliketi, akavaa pete zake za kupigia, akaanza kukaza nyuzi. Ganuni ina nyuzi sabini na kitu, na kwa kawaida kila sauti ina nyuzi tatu, ambazo zisipopatana, Maalim naye hapatani na mtu. Alikaza, akasikiliza, akalegeza, akaguna, akarudi mwanzo. Jua lilitukimbia, chaji ya simu ikashuka hadi asilimia tisa, na viumbe wangu wawili wakavua karatasi zao za fedha wakaenda kula urojo. Nilipomkumbusha kwa upole kwamba sauti haitatoka, alinitazama kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Watu wataviona vidole," akasema, "na wapo watakaojua."

Alipokwisha kuridhika, muadhini akaadhini, naye akaifunika ganuni kwa kitambaa na kwenda zake msikitini. Jamani, mimi nimekosa nini? Nimetumia fedha ya kodi kununua karatasi za kufungia vyakula, nimeitwa mchawi, na sina hata dakika moja ya kimya niliyoipiga picha!

Sasa pilau inanukia kutoka katika kofia ya rubani. Rubani amealikwa. Mimi sikualikwa.