Msiombe mpaka wetu ufungwe

Wiki iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliweka picha ya Nigel Farage, mwanasiasa wa Uingereza aliyepigania nchi yake itoke Umoja wa Ulaya na izuie wageni, kwenye kundi letu la ukoo na kuandika: "Huyu anajua kutetea watu wake. Sisi Watanzania, Wakenya wanatumaliza halafu tunaambiwa ni Jumuiya ya Afrika Mashariki." Watu wakamwekea dole gumba, hata wanaouza ndizi Taveta, upande wa Kenya. Nilinyamaza siku mbili. Sasa nasema, maana huko anakokusifia ndiko ninakoishi.

Nipo Boston, si ile ya Marekani, bali mji mdogo wa Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, kwenye mashamba ya kabichi na viazi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipoamua kutoka Umoja wa Ulaya, kura za kutoka zilikuwa asilimia 51.9 nchi nzima. Boston zilikuwa asilimia 75.6, na hakuna wilaya iliyoipita. Mimi Mtanzania nilipiga kura, kwa kuwa raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa. Jirani yangu Mpoland, aliyefungasha mboga kiwandani kwa miaka kumi, hakuruhusiwa. Asubuhi ya matokeo nilimkuta nje anaosha gari. Aliendelea kusugua tairi moja, lile lile, akasema bila kuinua kichwa: "Wewe walikuuliza." Mpaka leo sijapata la kumjibu.

Lakini msidhani waliopiga kura ile ni watu wabaya. Mzee mmoja niliyemwogesha na kumlisha kwa miaka mitatu alikuwa mmoja wao. Ujanani aling'oa viazi na mke wake kwenye mashamba haya haya. Mwaka 2004 Poland, Lithuania na Latvia zilipoingia Umoja wa Ulaya, Uingereza ilifungua milango ya ajira siku hiyo hiyo, na mabasi madogo yakaanza kumwaga vibarua shambani kabla ya jua kutoka. Alisema malipo yalibaki pale pale, kodi za nyumba zikapanda, na kwa daktari foleni ikawa ndefu bila daktari hata mmoja kuongezwa. Alipolalamika akaitwa mbaguzi. Wa kwanza kumbishia hodi na kumsikiliza walikuwa UKIP, chama kilichoanzishwa 1993 kwa shabaha ya kuitoa nchi kwenye Umoja huo.

Haya, wakatoka, tarehe 31 Januari 2020. Mboga za Uingereza bado zinavunwa na wageni, ila sasa wengi wanatoka Asia ya Kati, nchi kama Kyrgyzstan na Uzbekistan, kwa viza ya miezi sita, bila mke wala mtoto. Katika mwaka ulioishia Juni 2023, walioingia nchini waliwazidi waliotoka kwa zaidi ya watu 900,000. Kodi ya nyumba ya mjukuu wa yule mzee haikushuka. Wala watu hawakumwacha aliyewaahidi. Walimfuata Farage, aliyewahi kuiongoza UKIP, kwenye chama kingine, Reform UK. Julai 2024 jimbo letu lilimpa ubunge Richard Tice, na Mei 2025 chama hicho kikachukua halmashauri ya Lincolnshire yote. Dawa haikuponya, wakaomba dozi kubwa zaidi.

Mdogo wangu amezaliwa 1990, kwa hiyo hakuona mpaka wa Himo ulipofungwa. Jumuiya ya kwanza ilikufa 1977, na mpaka wetu na Kenya haukufunguliwa hadi 1983. Bibi yetu alipita njia za panya usiku kwenda Taveta na mahindi, akarudi na sabuni ameifunga mgongoni kwa mbeleko kama mtoto mchanga. Alitembea akiipigapiga kama anayebembeleza. Usiku mmoja mgambo wakafungua mbeleko. Walichukua sabuni, wakachukua na kanga, akafika nyumbani na gauni la ndani. Alipokuwa akitusimulia hakucheka hata mara moja.

Hasira ya ndugu zangu wa Moshi naielewa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka, malori yakasimama mpakani na waliolima ndio walioumia. Julai 2025 nasi tukatoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara 15, zikiwemo saluni ndogo, uwakala wa kutuma pesa na ufundi wa simu. Kila upande unalipiza, na makao makuu ya Jumuiya yapo hapo hapo Arusha. Dai langu ni ghala kavu la mahindi, vipimo vya sumukuvu ambavyo nchi zote mbili zinavikubali, na mizani ya haki kwa mnunuzi anayeingia shambani, awe wa Nairobi au wa Dar. Hayo ndiyo yanayomuumiza mkulima, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kushusha geti.

Mdogo wangu, Jumamosi mama ataamka saa kumi alfajiri kupeleka ndizi Taveta. Kabla hujaweka picha nyingine, mbebee mikungu hadi Holili mpakani, usimame naye kwenye foleni.