Mungu ametwaa, lakini nani aliendesha gari?

Kilio kilikuwa Ndosho, upande wa magharibi wa Goma. Turubai lilifungwa kati ya nyumba ya mbao na mti wa parachichi, viti vya kukodi vilifika hadi barabarani, na daftari la michango lilikuwa likipita mkono kwa mkono. Marehemu alikuwa kijana wa miaka 19, aliyegongwa na lori la mchanga akivuka barabara na bidoo la maji. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema maneno ambayo kila mtu pale aliyajua kabla hayajamtoka mdomoni: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Watu wakaitikia. Ndipo rafiki wa marehemu, aliyekaa nyuma kabisa, akasema kwa sauti ya chini: “Mungu hakukuwa mwenye kuendesha ile gari.”

Akina mama walimnyamazisha. Mzee alijifanya hakusikia. Lakini usiku ule, sisi tuliolala nje kando ya moto hatukuzungumza jambo lingine hadi alfajiri.

Nataka kuyapima maneno hayo mawili, la mzee na la yule rafiki kijana, kwa kuwa mimi mwenyewe nimeshayasema yote mawili, mara nyingine katika siku moja.

Nianze na mzee, maana yeye ndiye anayedharauliwa upesi na sisi tuliosoma kidogo. Anayemcheka hudhani kwamba tukiacha kusema “Mungu ametwaa” tutaanza kuzungumzia breki na mwendo kasi. Kwetu Kivu mambo hayaendi hivyo. Neno linaloshindana na la mzee, pale pale chini ya turubai, ni swali hili: “Nani amemukula?”, yaani nani amemwua kwa uchawi au kwa sumu. Mtu akifa ghafla, yupo atakayekumbuka pombe aliyokunywa kwa jirani. Yupo atakayetaja karuho, ile sumu ambayo watu wa Bukavu na Goma huiogopa kuliko malaria. Na yupo atakayemgeukia bibi mjane wa nyumba ya pili, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka 40 ya moshi wa jikoni na si kwa jambo lingine. Kuna wanawake wazee waliochomwa moto katika vijiji vya Kivu Kusini kwa mazungumzo yaliyoanza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, kwenye kilio.

“Mungu ametwaa” huufunga mlango huo. Huwaambia wa ukoo: hapa hakuna deni la damu, kaeni, kuleni, mlale. Sijui neno lingine linaloweza kufanya kazi hiyo kwa haraka namna ile, na bila polisi. Tena linamsaidia mama wa marehemu kwa njia ambayo daktari hawezi. Mama yule alikuwa akihesabu dakika: kama ningemtuma mapema, kama ningekwenda mwenyewe, kama bidoo la jana lisingetoboka. Ukimwambia saa ya mwanawe ilikuwa imefika, umemwondolea mkononi ile saa aliyokuwa akiitazama. Anayetaka kulifuta neno la mzee aseme kwanza atampa nini mama huyo saa tisa ya usiku.

Sasa yule rafiki kijana. Hakusema hakuna Mungu. Alisema Mungu hakushika usukani, na hilo ni jambo dogo zaidi na gumu zaidi.

Tuchukue usiku ambao watu wote wa mji huu wanaukumbuka: Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo, mlima wa volkeno ulio jirani nasi, ilipopasuka. Lava ilishuka ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji, na Jumapili makanisa yalijaa shukrani. Muda mfupi baadaye serikali ilitangaza watu 15 wa kwanza waliokufa. Tisa walikufa katika ajali ya barabarani wakikimbia. Wanne walikufa wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze. Waliounguzwa walikuwa wawili tu. Baadaye hesabu ilipanda ikafika 32 hivi, lakini nimebaki na ile hesabu ya kwanza, kwa sababu inaonyesha kwamba hata siku ambayo mlima wenyewe unatema moto, wengi wanaweza kufa kwa gari, kwa giza na kwa kukosa mtu wa kuwaambia wapite wapi. Ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo kinachouchunguza mlima ule ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa wachunguzi hawakuwa na intaneti ya kupokea ishara za mitambo yao. Goma haikupata onyo. Baada ya hapo nililisikia neno la mzee kwenye vinywa vingine, vya watu wenye ofisi na mihuri: ni mapenzi ya Mungu, ni jambo la asili, tuombe.

Hapo ndipo ninaposimama na kijana. Neno lilelile, likitoka kwa aliyefiwa, ni kujitua mzigo. Likitoka kwa aliyekuwa na kazi ya kuzuia kifo, ni kujificha. Hatuna budi kuuliza limetoka kinywani mwa nani kabla ya kuuliza kama ni la kweli.

Nilimweleza hayo mchungaji mmoja ninayemheshimu, akanijibu kwa jambo ambalo sijaweza kulimaliza hadi leo. “Unamgawa Mungu vipande,” alisema. “Kama anatawala, anatawala na breki. Kama hatawali breki, basi usimwite kwenye kilio, maana utakuwa umemwita mtu ambaye hakuwepo.” Ni pingamizi zito. Imani inayosema juu ya machozi tu, isiseme lolote juu ya sababu za machozi, mwisho inakuwa blanketi.

Lakini vitabu vyenyewe vinavyosomwa kwenye vilio vyetu haviko upande wa mchungaji kabisa. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anawakumbusha watu habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, anawauliza kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe: sivyo. Ningependa sura hiyo ingesomwa Goma mwaka 2002. Tarehe 17 Januari mwaka ule lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila nyumba. Siku chache baadaye kituo cha mafuta kilicholipuka kiliua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta humo. Wahubiri hawakukawia: Mungu amewaadhibu wezi, amewaadhibu wazinzi wa Goma. Sawa. Na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo lava ileile ililiteketeza, lilikuwa limeiba nini? Baa zilizobaki zimesimama ng’ambo ya mwamba, zilikuwa zimetubu lini?

Waislamu nao wana kisa ambacho mimi, Mkatoliki, ninakipenda kuliko vingi vya kwetu. Khalifa Umar alikuwa safarini kwenda Sham, upande wa Syria, alipoambiwa tauni imeingia huko. Akaamua kurudi. Abu Ubayda, jemadari wake huko, akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko, sehemu kubwa ya Goma ilipoamriwa kuhama kwa kuogopa mlipuko wa pili, majirani zangu waligawanyika mle mle nyumbani. Wengine walibeba magodoro kuelekea Sake na Minova au kuvuka Rwanda. Wengine walikaa, wakisema kama saa yangu imefika itanikuta hata Sake. Mlipuko wa pili haukuja, kwa hiyo waliokaa hujiona walishinda hoja. Mimi nadhani walishinda bahati nasibu.

Nimesema habari ya saa ya kufa. Kuna swali la baada ya hapo, na hapa mji wetu una jambo ambalo miji mingine haina: huko wanakokwenda wafu, sisi tulikuwa tukikuona kwa macho. Kwa wafuasi wa Lyangombe, roho mkuu wa dini ya jadi katika nchi hizi za Kivu na Rwanda, waliopokewa katika siri zake walipokufa walikwenda kukaa naye kwenye kilele baridi cha Karisimbi, wakinywa na kuvuta tumbako. Ambao hawakupokewa walitupwa Nyiragongo. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu wa Goma anaiona milima yote miwili bila kuhama kitini. Wamisionari walipofika na habari za moto wa milele, hawakuwa na haja ya kuchora picha ukutani.

Hata upepo wetu una habari hiyo. Mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya kwenye mabonde kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, huua mbuzi na watu waliolala chini. Kwa sikio la Mswahili wa pwani jina lenyewe linanukia mzuka. Wanasayansi wa volkeno wameliazima wakaliandika katika taarifa zao. Aliyekatazwa na bibi yake asipite kwenye mazuku usiku aliokoka sawasawa na aliyefundishwa kemia. Sidhani hiyo inamfanya bibi kuwa mwanakemia. Lakini inanifanya nisikilize kwanza kabla ya kucheka.

Wapo wasioamini lolote kati ya haya, wachache na wengi wao kimya. Ninamjua mmoja, mwalimu wa fizikia. Kwake kifo ni jenereta iliyozimwa: hakuna anayeuliza mwanga umekwenda wapi. Nimejaribu kumshinda, sikuweza, kwa sababu hoja yake haina ufa wowote ninaoweza kuutia kidole. Ila kila Januari mwalimu huyu hupeleka pesa parokiani ili misa isomwe kwa ajili ya mama yake. Nilipomuuliza inakuwaje, alikasirika kidogo. “Ni mama yangu,” akasema, tukabadilisha mazungumzo.

Mkenya John Mbiti, mwanateolojia wa Kianglikana, angemwelewa. Alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akasema kwamba kwa Waafrika wengi mfu hubaki ndani ya sasa maadamu yupo hai mtu anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho anayemjua akifa, naye anazama katika zamani. Wapo waliompinga kwamba anawanyima Waafrika siku za mbele, na nadhani wana haki, maana sijaona watu wanaongojea kesho kuliko hawa wa makanisa ya uamsho ya Katoyi na Majengo. Lakini mfikirie Mbiti ukiwa Goma. Julai 1994 kipindupindu kiliua wakimbizi kadiri ya 50,000 kwa majuma machache. Mwamba wa lava ulikataa majembe, wanajeshi wa Ufaransa wakaleta mashine za kuchimbia, na wafu wakalazwa kwa tabaka bila majina. Januari 2025 vita vilipoingia mjini, wako waliozikwa upesi bila kutambuliwa na yeyote. Waliokimbia kutoka Masisi na Rutshuru wameacha makaburi ya baba zao wasiyoweza kuyapalilia. Kama mtu anabaki kwa kukumbukwa tu, hao wamekufa mara mbili, na mara ya pili wamekufa mikononi mwetu. Mbingu ya mzee wa Ndosho, ambako kila jina limeandikwa hata kama hapa hakuna aliyeliandika, inaanza kuwa jambo la haki, mbali ya kuwa faraja. Ni kwa sababu hii ninaendelea kuamini, siku nyingi. Mwalimu atasema kutamani haki si ushahidi kwamba ipo. Ni kweli, si ushahidi.

Nilirudi Ndosho baada ya matanga kuondolewa. Pale alipogongwa yule kijana, mawe meusi ya lava yalikuwa yamepangwa mstari kukata barabara, makubwa kiasi cha kulazimisha lori lipunguze mwendo. Nilidhani ni kazi ya yule rafiki yake. Kumbe ni mama. Nilipomsalimia, aliniambia tena kwamba Mungu ndiye alitoa na Mungu ndiye ametwaa, hana la kumlaumu. Madereva, alisema, wameshayatupa yale mawe pembeni mara mbili, naye ameyarudisha mara mbili, na kama nina nguvu nimsaidie kusogeza lile kubwa la upande wa mtaro.